Kinachoua Kwanza Hutibiwa Kwanza: Tiba ya Dharura katika Mtaa wa Baba Dogo

Dharura ya kiafya ni hali inayomfika mtu ghafla na kuuweka uhai wake katika hatari isiyoweza kusubiri foleni ya hospitali wala mshahara wa mwisho wa mwezi. Katika Baba Dogo, mtaa ulioko kaskazini mashariki mwa Nairobi ndani ya eneo bunge la Ruaraka, ambako viwanda, ghorofa za kupangisha na nyumba za mabati vimesongamana na kupakana na Korogocho na Lucky Summer, hali za namna hiyo huzuka jikoni, barabarani na kiwandani, na mara nyingi mtu wa kwanza kuzishuhudia si daktari bali ni jirani. Makala haya yanaeleza jinsi mhudumu wa tiba ya dharura anavyozitambua hali hizo na kuzikabili, na yanashikilia hoja moja: kwamba uhai wa mgonjwa hutegemea sana mpangilio wa yale yanayotendwa katika dakika za kwanza, na kwamba mpangilio huo, ijapokuwa ni taaluma yenye watu wake waliosomea, haupaswi kubaki siri ya wenye taaluma.

Mhudumu wa tiba ya dharura, ambaye wakazi wengi humwita tu mtu wa ambulensi, si dereva aliyevishwa koti lenye utepe wa kung'aa, wala si daktari aliyepunguziwa vyeo. Ni mtaalamu mwenye kazi tatu zinazofuatana, yaani kutambua hatari inayomkabili mgonjwa, kuiimarisha hali yake pale pale alipoangukia, na kumfikisha katika hospitali inayoweza kumtibu, badala ya kumfikisha katika mlango wowote ulio karibu. Nchini Kenya kazi hii inafanywa na serikali za kaunti, na kampuni binafsi, na mashirika ya kiutu kama vile Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, lililoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965 na ambalo mwaka 2010 liliunda kitengo maalumu cha magari ya wagonjwa kinachojulikana kama E-Plus. Hata hivyo, gari lenye vifaa vyote haliwezi kufuta dakika zilizopotea kabla halijafika, na kwa sababu hiyo ni sharti kuuelewa mpangilio ambao mhudumu huufuata anapomkuta mgonjwa.

Mpangilio huo huanza kabla mgonjwa hajaguswa. Mhudumu hutazama kwanza kama mahali penyewe ni salama, kwa maana nyaya za umeme zilizounganishwa kiholela, petroli iliyomwagika, au umati wenye hasira dhidi ya dereva aliyesababisha ajali vinaweza kumgeuza mwokoaji kuwa majeruhi wa pili. Akisharidhika, hutafuta damu inayotoka kwa nguvu. Kisha huchunguza njia ya hewa, yaani mkondo unaoanzia kinywani na puani hadi mapafuni. Kisha upumuaji, kwa kutazama kifua kinavyopanda na kushuka, akijua kwamba mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Kisha mzunguko wa damu, kwa kugusa mshipa wa kifundo cha mkono au wa shingo na kuangalia kama ngozi imepauka na kutoa jasho baridi. Kisha kiwango cha fahamu, ambacho hupimwa kwa maswali mepesi ya kama mgonjwa yu macho, anaitikia sauti, anaitikia maumivu tu, au haitikii chochote. Mwishowe huufunua mwili kwa staha ili jeraha lililofichwa na nguo lisipitwe.

Hatua hizi zimepangwa kwa kufuata kasi ya mauti. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu anaweza kufa kwa kuishiwa damu ndani ya dakika chache. Ubongo uliokosa oksijeni huanza kudhurika baada ya dakika nne hivi. Ilhali mfupa wa mguu uliovunjika, hata ukiwa na maumivu makali kiasi gani, kwa kawaida huweza kusubiri. Kanuni inayotokana na hayo ni kwamba kinachoua kwanza hutibiwa kwanza, na ugumu wake unatokana na silika ya binadamu, ambayo humvuta kila mtu kwenda kwa majeruhi anayelia zaidi. Bodaboda inapogongana na matatu kwenye barabara ya Outering, anayepiga mayowe, kwa mayowe hayo hayo, anathibitisha kwamba njia yake ya hewa iko wazi na kwamba ubongo wake unapata damu. Anayestahili kukimbiliwa ni yule aliyelala kimya kando ya mtaro, ambaye huenda ulimi wake umelegea na kuziba koo, na ambaye anaweza kuokolewa kwa kitendo chepesi cha kulisukuma taya lake mbele kwa vidole, bila kuipinda shingo inayoweza kuwa imevunjika.

Hatari ya kuziba njia ya hewa hutokea pia mezani, hasa kwa watoto wanaokula huku wakicheza na kwa wazee wenye meno machache. Mtu aliyepaliwa lakini angali anakohoa kwa nguvu anapaswa kuachwa aendelee kukohoa, kwa kuwa kikohozi chake kina nguvu kuliko mkono wa mtu yeyote. Akishindwa kukohoa, kusema au kuvuta pumzi, huinamishwa mbele na kupigwa makofi matano katikati ya mabega kwa kiganja, na kama kitu hakijatoka, msaidizi husimama nyuma yake, humzungushia mikono juu ya kitovu na kuvuta kwa nguvu kuelekea ndani na juu mara tano, akirudia zamu hizo hadi hewa ipite au mgonjwa apoteze fahamu. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka hafanyiwi hivyo tumboni, kwa sababu ini lake laweza kupasuka. Yeye hulazwa kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini, akapigwa mgongoni, kisha akageuzwa na kubonyezwa kifuani.

Miongoni mwa dharura za upumuaji, pumu inastahili kuelezwa kwa kina, kwa kuwa moshi wa taka zinazochomwa, vumbi la barabara, jiko la mkaa ndani ya chumba kimoja na hewa ya viwandani vyote ni vichochezi vinavyoweza kuibana mirija ya mapafu. Mhudumu anayemkabili mgonjwa wa pumu hahitaji kusubiri mashine ili aujue ukali wa hali. Humuuliza swali na kusikiliza urefu wa jibu: anayemaliza sentensi nzima angali na akiba ya hewa, anayetaja maneno mawili matatu kisha akakatika yumo hatarini, na asiyeweza kutamka neno anakaribia kuzimia. Hutazama vilevile misuli ya shingo inayojikaza, ngozi ya katikati ya mbavu inayoingia ndani kwa kila pumzi, na mgonjwa anayekataa kulala, akiketi kwa kuinama huku mikono ikiwa magotini. Mluzi wa kifuani, ambao wengi huuogopa, si dalili mbaya kuliko zote. Kifua kilichokuwa kikipiga mluzi kikanyamaza ghafla ilhali mgonjwa angali anahangaika kinatangaza kwamba hewa haipiti tena, na hapo kila dakika ina uzito wake.

Matibabu ya kwanza ni kumwacha mgonjwa aketi wima, kufungua dirisha, na kumpa dawa ya kupanua mirija, ambayo ni salbutamoli inayopulizwa kutoka katika kopo dogo la pumu. Wagonjwa wengi huipulizia dawa hiyo mdomoni na kuipoteza kooni, na kwa hiyo hutumiwa chombo cha kati kinachoihifadhi kwa muda ili ivutwe polepole. Utafiti uliofanywa Cape Town na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni kwa umbo la mdomo wa kopo la dawa na kuzibwa vizuri pembeni kwa gundi, iliwasaidia watoto kwa kiwango kilicholingana na kile cha chombo cha dukani. Kifaa ambacho mzazi angedhani ni cha wenye nacho tu kinaweza basi kutengenezwa nyumbani kwa chupa iliyokuwa ikielekea jaani, na mgonjwa akapewa pulizo moja baada ya jingine, kila moja likifuatwa na pumzi kadhaa, huku gari likiitwa.

Kundi la pili la dharura ambalo hupotosha macho ya watu ni la wale waliobadilika fahamu. Katika mtaa ambao pombe haramu huuzwa si mbali na makazi, mtu aliyekutwa asubuhi akipepesuka, akitoa jasho, akisema maneno yasiyoeleweka na kumsukuma anayemkaribia huhukumiwa haraka kuwa mlevi, akaachwa alale. Dalili hizo hizo, hata hivyo, ni za mtu ambaye sukari ya damu yake imeshuka, hali inayowapata hasa wagonjwa wa kisukari waliotumia insulini au vidonge kisha wakakosa chakula, jambo ambalo si la kushangaza pale kibarua cha siku kinapokosekana na mlo ukakosekana pamoja nacho. Mhudumu hachagui kati ya ulevi na ugonjwa kwa kunusa, kwa kuwa mtu anaweza kuwa na vyote viwili, na pombe yenyewe huweza kuishusha sukari. Humchoma kidole, akaliweka tone la damu kwenye kipima sukari, na ndani ya sekunde chache akapata jibu, ambapo kiwango kilicho chini ya milimoli 4 kwa lita humtaka atende mara moja.

Mgonjwa aliye macho na anayeweza kumeza hupewa kitu chenye sukari inayofyonzwa upesi, kama vile vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au soda ya kawaida, kisha hupimwa tena baada ya dakika 15 na kupewa chakula cha kushibisha ili sukari isishuke upya. Aliyepoteza fahamu hapewi chochote mdomoni, kwa sababu kinywaji kitakachoingia mapafuni kinaweza kumuua kabla ya ugonjwa wenyewe; yeye hulazwa ubavu, mdomo ukielekea chini ili matapishi yatoke, na mhudumu humtia sukari ya maji kupitia mshipa. Ni matibabu machache katika fani nzima ya dharura yanayoleta matokeo ya haraka kiasi hicho, kwani mtu aliyekuwa hajitambui huweza kuketi na kutaja jina lake kabla ya gari kuondoka, na ndiyo sababu kosa la kumwita mlevi na kumpita ni zito.

Kifafa na degedege navyo vimezungukwa na desturi zinazodhuru. Mtu anayetetemeka mwili mzima hutiwa kijiko kati ya meno, akashikwa kwa nguvu na watu wanne, au akanusishwa kiatu na kitunguu, ilhali kijiko huvunja meno na nguvu huteguza viungo, na hakuna mtu awezaye kuumeza ulimi wake. Kinachotakiwa ni kuondoa mawe, jiko na samani zilizo karibu, kuweka nguo laini chini ya kichwa, kutazama saa, na kumgeuza mgonjwa ubavu mara mtetemeko unapokwisha. Mtetemeko unaozidi dakika tano, au unaorudi kabla fahamu haijarejea, unahitaji dawa na gari bila kuchelewa. Mama mjamzito anayetetemeka, hata kama hajawahi kuugua kifafa, ahesabiwe kuwa yumo katika hatari kubwa ya kifafa cha mimba, ambacho hutokana na shinikizo la damu na hutibiwa hospitalini kwa dawa ya magnesiamu salfeti.

Kiharusi, ambacho ni kuziba au kupasuka kwa mshipa wa damu katika ubongo, hutambuliwa kwa mambo matatu ambayo hata mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kuyakumbuka: uso uliopinda upande mmoja mgonjwa anapoombwa atabasamu, mkono mmoja unaoporomoka anapoinua yote miwili, na usemi uliovurugika. Jambo la nne ni saa, kwa maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na daktari hawezi kuitoa asipojua ni lini mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Familia inayopoteza asubuhi nzima ikitafuta aliyemroga mgonjwa huwa inaitumia saa ambayo hakuna fedha zitakazoirudisha.

Sumu inayowatisha zaidi wahudumu katika mitaa ya aina hii haifichwi kabatini, bali hukaa wazi sakafuni. Ni mafuta ya taa, ambayo hununuliwa kwa kipimo kidogo na kuwekwa katika chupa ya soda kando ya stovu, mahali ambapo mtoto anayeanza kutembea huiona chupa anayoifahamu na kuinywa. Mzazi aliyeshtuka humtapisha mtoto au humnywesha maziwa, na nia yake njema huongeza madhara, kwa sababu mafuta ya taa yanayopita tumboni si tishio kubwa kama yale yanayoingia mapafuni, na kutapika ndiko kunakoyapandisha tena hadi kooni na kuyapa nafasi ya pili ya kuvutwa ndani. Tiba sahihi ni kutomtapisha, kumvua nguo zilizolowa na kuiosha ngozi, kumtazama kama anakohoa au anapumua kwa kasi, na kumpeleka hospitalini pamoja na chupa yenyewe ili waganga wajue alichokunywa.

Sumu nyingine haina rangi wala harufu. Jiko la mkaa linaloingizwa ndani wakati wa baridi ya mwezi Julai, mlango na dirisha vikiwa vimefungwa, hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo hung'ang'ania damu na kuinyima oksijeni nafasi. Dalili yake kuu ni kwamba wakazi wa chumba kimoja huumwa kichwa na kichefuchefu kwa pamoja, na hupata nafuu wakitoka nje. Mhudumu mzoefu hakiamini kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, kwa kuwa kifaa hicho huihesabu damu iliyobeba gesi hiyo kana kwamba imebeba oksijeni na kuonyesha namba nzuri kwa mtu anayekufa. Huwatoa wote nje kwanza, kisha akawapa oksijeni.

Katika viwanda na karakana za jua kali, mashine huweza kukata vidole au kuchana mkono, na hapo shati safi lililokunjwa na kukandamizwa moja kwa moja juu ya jeraha kwa nguvu zote, bila kufunuliwa kila mara kuchungulia, hutosha kuzuia damu nyingi. Ikiwa damu ya mkono au mguu haikomi, hutumiwa mkanda mpana unaokazwa kwa kijiti upana wa vidole vitatu au vinne juu ya jeraha, kuelekea kiwiliwili, wala si juu ya kiungo cha goti au kiwiko, na saa ya kuufunga huandikwa mahali panapoonekana. Moto nao una kanuni yake: mahali palipoungua humwagiwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, pete na nguo zisizogandamana na ngozi zikitolewa, na hapapakwi dawa ya meno, wala yai, wala unga, ambavyo hufungia joto ndani na kumlazimisha muuguzi kuvikwangua kwa uchungu. Aliyenaswa na umeme hashikwi kabla swichi kuu haijazimwa.

Tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa sita liliporomoka katika mtaa wa Huruma, usio mbali na Baba Dogo, na kuua watu wapatao 50, huku mtoto mchanga akitolewa hai baada ya zaidi ya siku tatu na watu wengine wakiokolewa baada ya takriban juma moja. Msiba huo unaonyesha kwa nini haraka isiyo na mpangilio inaweza kuwa adui. Mguu uliobanwa kwa saa nyingi hujaa kemikali kutoka katika misuli iliyokufa, na kifusi kikiinuliwa kwa pupa kemikali hizo huenda moja kwa moja moyoni na kuusimamisha. Kwa sababu hiyo mhudumu hutanguliza maji ya mshipani kabla ya mzigo kuondolewa.

Moyo unaposimama kwa sababu yoyote ile, mgonjwa haitikii na hapumui, au hutweta kwa nadra kama samaki aliyetolewa majini, hali ambayo watu huidhania kuwa ni kupumua. Msaidizi humlaza chali mahali pagumu, huweka kiganja katikati ya kifua na kingine juu yake, akabonyeza kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, akikiacha kifua kirudi juu kila mara na kupokezana na mwenzake kila baada ya dakika mbili. Mbinu hii ilielezwa kwa ulimwengu mwaka 1960 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, ambao walisisitiza kwamba kinachohitajika ni mikono miwili tu, na haijapoteza maana yake hadi leo.

Baada ya kutambua na kutibu hufuata kusafirisha, na hapo Baba Dogo ina shida zake. Namba za nyumba ni adimu na njia nyingi hazina majina, na kwa hiyo anayepiga 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu, anapaswa kutaja alama ambayo dereva mgeni ataitambua, kama vile kanisa, shule, kiwanda au kituo cha matatu, aseme ni watu wangapi wameumia na kama wanapumua, aache simu ikiwa wazi, na amtume kijana kusimama barabarani. Pale gari lisipopatikana, majeruhi hupakiwa kwenye bodaboda akiwa amebanwa katikati ya watu wawili, jambo linaloweza kumlemaza mwenye shingo au uti wa mgongo uliovunjika. Ubao au mlango uliong'olewa, na gari lolote lenye nafasi ya kumlaza, ni heri kuliko pikipiki.

Hospitali nayo ina wajibu unaotajwa wazi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaeleza kwamba matibabu hayo yanajumuisha huduma kabla ya kufika hospitalini, kuimarisha hali ya mgonjwa na kumhamisha panapohitajika, na inaweka faini isiyozidi shilingi milioni tatu kwa kituo chenye uwezo kinachokataa. Umuhimu wa masharti haya ulidhihirika mwaka 2015, wakati majeruhi mmoja wa ajali alipokaa ndani ya ambulensi jijini Nairobi kwa saa 18 akisubiri kitanda cha wagonjwa mahututi, na hatimaye akafariki. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 imeunda hazina ya dharura na magonjwa sugu ili anayetibu asiogope kutolipwa. Mkazi anayeyajua haya hufika kwenye lango la hospitali akidai haki yake kwa adabu, wala hafiki akiomba fadhila.

Swali linalobaki ni nani atakayekuwa pale dakika ya kwanza, na historia imelijibu kwa namna inayowahusu sana vijana wa Baba Dogo. Mwaka 1967, katika jiji la Pittsburgh nchini Marekani, ambako wagonjwa wa mtaa maskini wa Hill District walikuwa wakitupwa nyuma ya magari ya polisi bila tiba yoyote, lilianzishwa shirika la ambulensi lililoitwa Freedom House. Daktari Peter Safar, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amempoteza binti yake kwa pumu, aliwafunza vijana weusi wa mtaa huo huo, wengi wakiwa hawana kazi, wakawa miongoni mwa wahudumu wa kwanza wa dharura nchini humo waliofunzwa kwa kiwango cha juu. Shirika hilo lilifungwa mwaka 1975, lakini daktari Nancy Caroline, aliyeliongoza kitabibu, aliandika kitabu cha mafunzo kilichotumika nchi nzima, na katika miaka ya 1980 alikuja kufanya kazi Nairobi katika shirika la AMREF, lenye huduma ya madaktari wa ndege. Ujuzi uliokomazwa na vijana waliodharauliwa wa mtaa mmoja ndio uliogeuka kipimo cha taifa zima.

Baba Dogo haikosi vijana wa namna hiyo, na sehemu ya msingi imekwisha kuwekwa. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwapa wahamasishaji wa afya ya jamii mikoba yenye vifaa vya kupima shinikizo la damu na sukari, na wahamasishaji hao huishi katika ploti zile zile wanazozihudumia. Wahenga walisema heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, na katika tiba ya dharura kauli hiyo ni kanuni ya kitabibu. Kila kituo cha bodaboda kiwe na angalau watu wawili wanaojua kuzuia damu na kumlaza mtu ubavu. Kila kiwanda kiwe na sanduku la huduma ya kwanza lisilofungwa kwa kufuli, na mfanyakazi wa kila zamu aliyefunzwa kulitumia. Kila darasa lifundishwe kubonyeza kifua na kutambua kiharusi. Kila mwenye nyumba abandike mlangoni namba za dharura na maelezo ya njia ya kufika. Na kila chupa ya mafuta ya taa ipewe kifuniko kigumu na mahali pa juu. Hakuna hata moja kati ya hayo linalosubiri bajeti ya taifa. Mhudumu wa ambulensi atakayefika baada ya dakika 20 anaweza kutenda makubwa, mradi tu aliyekuwapo katika dakika ya kwanza amemkabidhi mgonjwa angali anapumua.